Upepo wa Basi la Mama

Mama yangu anaishi Chome, juu kabisa, mahali ambapo nguo ukianika leo unaanua keshokutwa. Mdogo wake, ambaye kwangu ni mama mdogo, aliolewa Kihurio, upande wa pili wa mlima huohuo, tambarare kwenye majaruba ya mpunga. Ukiwa ndege unavuka tu. Ukiwa binadamu unashuka hadi Makanya, unafuata barabara kuu kupita Hedaru mpaka Mkomazi, halafu unakunja kurudi nyuma ya mlima. Na ukiwa mama yangu huendi kabisa, kwa sababu tangu alipoteleza kwenye shamba la tangawizi nyonga yake haitaki kiti cha gari lolote. Kusimama anaweza, kulala anaweza, ila kukaa huku akirushwarushwa hawezi. Mama mdogo naye ana pumu, na baridi ya Chome humkaba.

Basi wakawa wanaonana kwa simu. Mama hupiga kelele kwenye simu kana kwamba sauti yake inapanda mlima kwa miguu, na majirani wote wanajua habari za mpunga wa Kihurio kuliko wakulima wenyewe. Kila simu iliisha kwa swali lilelile, lini tutaonana, na baada ya hapo Mama alikuwa akikaa kimya muda mrefu. Kimya cha mama yangu si kitu cha kawaida. Kilinitia huzuni.

Aliyeleta wazo la basi ni mdogo wangu wa kiume, fundi seremala hapa Same mjini. Tununue basi dogo lililotumika, aling'oe viti, afunge kitanda kwa bolti, na siku ambazo Mama hasafiri tuwakodishie wengine wenye wagonjwa wa namna yake. Mimi nimeendesha basi la shule Moshi miaka mingi, kwa hiyo dereva tayari alikuwepo. Wazo lilikuwa zuri mpaka likaniudhi kwamba sikulitoa mimi.

Basi lenyewe tulilipata kwa mzee mmoja mstaafu, mtu wa Usangi aliyehamia Same. Sisi wa Kusini na wao wa Kaskazini ni Wapare wote, na wote tumerithi sifa moja. Watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Wanasema kama vile huo ni ugonjwa. Kuku wa mtu ni kuku wa mtu.

Tulilijaribu alasiri moja, njia ya Makanya. Mzee alikaa pembeni yangu na mdogo wangu alikuwa nyuma na futi yake, akipima. Mjini basi lilikwenda vizuri, injini inaunguruma kwa adabu. Tulipotokea kwenye lami iliyonyooka, mshale ulipokaribia themanini, likaanza. Linavutika kushoto, nalirudisha. Nikilirudisha linapitiliza kulia, nalirudisha tena. Mkia ulikuwa unanesa kwa nyuma na mimi nafanya kazi kama mchungaji mwenye ng'ombe mmoja mkorofi. Lori likitupita, mdogo wangu anagonga dirisha kwa bega na kupoteza hesabu ya sentimita.

"Mzee, mbona linayumba?"

"Ni upepo tu," akajibu.

Huyo mzee maneno yake yalikuwa machache kama mvua ya Same. Sikupata la pili. Nje vumbi lilikuwa linakimbia kuvuka barabara na mikonge imeinama, kwa hiyo sikuweza kubisha palepale. Lakini moyoni nilisema, huyu anataka kuniuzia mbuzi kwenye gunia, tena anamsingizia Mungu.

"Dada, kitanda kinaingia!" mdogo wangu akapaza sauti. "Kinaingia na nafasi ya jiko inabaki!"

Jioni Mama akapiga. Mdogo wangu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba basi limepatikana. Mama naye alikwisha kumwambia mdogo wake, na Kihurio kulikuwa kumeanza kupembuliwa mchele wa wageni. "Nimetoa kitenge changu kipya sandukuni," Mama alisema, na safari hii hakupiga kelele. Nilikata simu nikamgeukia yule seremala. Niliyomwambia siyaandiki. Kukataa basi sasa ilikuwa ni kumrudisha Mama kwenye kile kimya chake, na kulikubali ilikuwa ni kumlaza mtu wa nyonga mbovu ndani ya kitu kisichojua kwenda mbele moja kwa moja. Sikulala vizuri.

Nikaamua kufanya kama tunavyofanya kwetu, yaani kutafuta ushahidi. Tuliliazima tena basi alfajiri, saa ambayo upepo wa Same haujaamka. Nilisimama kwanza kwa mama mmoja anayechoma mahindi kandokando ya barabara. Moshi wake ulikuwa unapanda wima kama mlingoti. Nikamwomba autazame vizuri, maana nitarudi kumuuliza. Nikaenda, basi likayumba kama jana, nikarudi nikamuuliza.

"Moshi umetikisika?"

"Haujatikisika, dada. Kwani wewe ni wa hali ya hewa?"

Nikampata mzee kibarazani kwake na kikombe cha chai. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na hapo heshima yangu ikafikia mwisho. Nilimwambia ameninyima ukweli, ananiuzia hatari, na mama yangu si gunia la mahindi. Alinisikiliza mpaka nikakosa pumzi.

"Umepima upepo?" akauliza.

"Nimepima! Hakuna upepo hata wa kupeperusha unyoya!"

"Umepimia nini?"

"Moshi! Na shahidi ninaye!"

Mzee akaweka kikombe chini taratibu. Alimtazama mdogo wangu, akanitazama mimi, mabega yakaanza kumcheza. "Mwanangu," alisema, "umepima upepo wa tairi kwa moshi?"

Dereva mzima, niliyewajazia watoto wa watu upepo kwenye matairi kila Jumatatu, nikawa nimesikia neno lile na kufikiria anga. Lakini nani asingefikiria hivyo, hapa kwetu ambapo upepo ndio unaokutangulia kufika stendi? Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini kwenye mchanga. Mzee alicheka bila sauti, machozi yanamtoka. Mimi nilijizuia kidogo kwa ajili ya kesi, kisha nikashindwa, nikacheka kuliko wote.

Tulipopima kweli, tuliyaona. Matairi ya mbele yalikuwa yamejazwa mpaka yamekuwa magumu kama ngoma. Nyuma kila upande una mawili, na sisi siku ya kwanza tulipiga teke yale ya nje tukaridhika. La ndani, kushoto, lilikuwa karibu tupu, limejificha nyuma ya mwenzake na kumwachia mzigo wote. Ndilo lililokuwa linanesesha mkia. Fundi wa matairi akaziba tundu, tukasawazisha yote, tukarudi njia ya Makanya.

Basi lilikuwa jingine. Mkia ulitulia kabisa. Mdogo wangu akaanza kuimba wimbo wa kwaya sauti ya pili. Lakini mikono yangu ilikuwa bado inaniambia jambo. Nikiushika usukani umenyooka, pua ya basi ilikuwa inatafuta njia yake kidogo, ikichelewa kunisikia.

"Si limepona?" akaniuliza.

"Limepata nafuu. Aliyepata nafuu bado yuko wodini."

Hapo ndipo niliogopa kweli. Kama ugonjwa ungekuwa kwenye boksi la usukani, au chasisi imepinda, tungemwachia mzee basi lake na Mama angerudisha kitenge sandukuni. Nikatandika gunia, nikaingia uvunguni. Mdogo wangu akakaa kwenye usukani, injini inawaka, nikamwambia auzungushe kidogo tu, kushoto na kulia, kama anayemwambia mtoto hapana. Nilifuata kwa kiganja kutoka juu kwenda chini. Mkono unaotoka kwenye boksi ulijibu papo hapo. Nikashusha pumzi. Fimbo ya kwanza ikajibu. Nikafika kwenye tairodi, ile fimbo inayounganisha magurudumu mawili ya mbele, nikashika kiungo chake cha kulia, nacho kikaruka kidogo chini ya vidole vyangu kabla gurudumu halijasogea. Kwanza kinaruka, ndipo gurudumu linafuata.

"Nimekupata!" nilipiga ukelele, nikajigonga kichwa kwenye chuma, na wala sikuumia, au niliumia bila kujali. Kiungo kinabadilishwa. Kiungo ni kitu cha asubuhi moja na spana mbili.

Mzee hakutaka kuambiwa. Alilala kwenye gunia langu na shati lake la kanisani, akaweka kidole, akasema, "Huyu." Kisha tukabishana vizuri kabisa, yeye akidai mkosaji alikuwa upepo, mimi nikidai ni kiungo, mpaka mkewe akatoka na kuamua kwamba wote tumeshinda na chai inapoa. Mzee alifunga viungo vipya pande zote mbili, tukamlipa, na basi tukalipeleka Moshi kunyooshwa magurudumu. Njia nzima ya kurudi niliendesha nikiimba, na naimba vibaya.

Kiangazi kilipokolea tukapanda Chome. Majirani walikuwa wamefanya msaragambo tangu asubuhi, majembe na makarai, wakafukia mashimo ya kona ya mwisho ili basi la Mama lifike mlangoni. Mama aliingia akiwa amesimama, akalala, akapapasa mbao za kitanda na kusema mwanawe ametumia misumari mingi. Tukateremka polepole kama tumebeba mayai. Kwenye lami nikaongeza mwendo. Baada ya Hedaru upepo ulitujia ubavuni, ule wa Mungu, mchanga ukipiga madirisha, na basi likaenda mbele moja kwa moja. Nilitazama kwenye kioo. Mama alikuwa ameegemea mto anahesabu ng'ombe wa watu nje, uso wote umefunguka.

Kihurio mama mdogo alikuwa barabarani. Wali ulikuwa umeiva, mikeka imetandikwa, watoto wamevalishwa viatu. Nilifungua mlango na kujiandaa kumteremsha Mama, lakini mama mdogo hakuningoja. Alinipita, akapanda ngazi akihema, akavua kandambili, akamsukuma dada yake kwa kiuno na kujilaza kando yake kwenye kitanda cha mtu mmoja. Walianza kuzungumza Chasu, Kipare chetu, kwa pamoja, hakuna aliyekuwa anamsikiliza mwenzake. Mama akacheka na kusema hawajalala kitanda kimoja tangu usiku wa kuamkia harusi ya huyu, na kwamba bado anachukua nafasi yote.

"Mama, shukeni mkale," nilisema. "Watu wanawasubiri."

Mama mdogo alinyoosha mkono akavuta mlango. "Washa gari, mwanangu. Wali tutaukuta."

"Niwapeleke wapi?"

"Popote. Tukishuka, mtu atasema muda wa kuonana umekwisha."

Nikawasha. Nikawapeleka hadi Ndungu na kuwarudisha Kihurio, nikawapeleka tena, mpaka mafuta yakaniambia basi.