Shangazi Yasingu Apanda Paa

Shangazi yangu Yasingu alikaa miaka minne kwenye kambi ya waliokimbia vita, baada ya wenye bunduki kuibomoa nyumba yake upande wa pili wa mji wa Bria. Kiangazi hiki alirudi peke yake kiwanjani, akafyatua matofali, akasimamisha kuta. Ilibaki kuezeka paa kwa nyasi tu, na mawingu yalishaanza kujikusanya. Matofali yetu hatuyachomi. Mvua moja nzito ikiyakuta wazi yanageuka tope, na shangazi angerudi kambini kusubiri kiangazi kingine.

Basi akawaita wanaume wa mtaani waje kuezeka. Kwetu, mwenye nyumba hulisha kwanza, ndipo watu wapande. Akaenda kuloweka mihogo mtoni siku kadhaa, ilainike na sumu yake itoke.

Asubuhi ya kazi wanaume walifika, wakakaa chini, wakangoja. Shangazi akauminya muhogo, ukamgomea kama jiwe. Alikuwa ameuopoa mapema mno. Miaka yote ile ya kupokea unga wa msaada, mkono ulishasahau.

"Sumu haijatoka," akasema. "Leo hamli hapa. Nitawalisha siku nyingine."

"Dada, tumbo langu halijui siku nyingine," akajibu Grebongo, fundi wao, na wenzake wakaangua kicheko. Hakuna aliyeinuka. Radi ikanguruma kwa mbali.

Shangazi akakaza kitenge kiunoni, akajitwika mganda wa nyasi, akapanda ngazi. Jamani! Sijawahi kuona mwanamke juu ya paa. Nikawa namrushia kamba, macho yamenitoka.

"We Yasingu, shuka!" akafoka Grebongo. "Unataka watu waseme mtaa huu hauna wanaume?"

"Waseme! Nikishuka nikakae wapi? Kambini?"

"Ona, nyasi umezigeuza juu chini! Maji yataingia yote!"

"Basi njoo unionyeshe, baba. Au mpaka ushibe?"

Grebongo akasonya, akatupa sigara, akapanda. Wengine wakamfuata wakigombania kamba. Shangazi hakushuka ng'o. Alibaki kule kule juu akifunga, akiwazomea waliopitwa na mwanamke.

Mganda wa mwisho ulipofungwa, mvua ikamwagika. Tukakimbilia ndani sote, tumebanana, shingo juu. Halikudondoka hata tone.

Grebongo akaupiga ukuta kofi. "Haya, mama mwenye nyumba, mvua ikikatika tukusindikize kambini ukalale?"

"Kambini kwa nani?" Shangazi akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akatandika mkeka katikati ya miguu yetu, akajilaza chali, akajinyoosha. "Hebu sogeeni huko. Mnanijazia chumba."