Daktari Kawira na Ngiri ya Mzee Runji

Asubuhi hiyo Daktari Kawira Nyamu aliingia wodini akitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya, ilhali viatu vilikuwa vya zamani na furaha ndiyo ilikuwa mpya. Kwa mara ya kwanza tangu ahitimu kuwa daktari wa upasuaji, mgonjwa alikuwa wake peke yake. Daktari Gitobu, mkubwa wake katika hospitali hiyo ya mjini Meru, alikuwa kwenye chumba kingine cha upasuaji na majeruhi wa ajali, na alikuwa amemtumia ujumbe mfupi: "Endelea wewe." Kawira aliusoma, akafuta miwani, akausoma tena. Kisha akavuta pazia la kitanda amwone huyo mgonjwa wake wa kwanza.

Alikuwa Mzee Runji wa Kanyakine, kijijini kwao Kawira.

Katika Imenti Kusini nzima, penye watu wote wale na matumbo yao, ilibidi awe huyu. Kawira alipokuwa mtoto wa shule ya msingi, kabla mtu yeyote hajajua kwamba macho yake ni mabovu, akina mama wa kanisa walimpa maharagwe ya arusi achambue. Aliyachambua kwa bidii na kwa majivuno, maana aliuona ulimwengu kama ukungu na akadhani kila mtu anauona hivyo. Mawe yakapita yakaingia kwenye githeri, ile ya mahindi na maharagwe. Mzee Runji, aliyekuwa mzee wa kanisa, akatafuna, na jino likavunjika hotuba zikiendelea. Wiki iliyofuata Kawira alivalishwa miwani, akatoka nje akapiga kelele kwa furaha kwa sababu miti ilikuwa na majani, moja moja. Lakini jina lilikwisha kushika. Mpaka leo pale kijijini ni Kawira wa Mawe, na habari zilipofika kwamba anasomea kupasua watu, kuna waliocheka mpaka wakakaa chini.

Masomo yenyewe hayakumhurumia. Pua yake haishiki miwani, inateleza tu, na mpasuaji akishavaa glavu safi haruhusiwi kugusa uso wake. Kawira aligusa. Alifukuzwa akanawe upya mara nyingi hata wenzake wakamuuliza kama analipwa kwa sabuni. Akavaa barakoa, pumzi ikapanda, vioo vikajaa mvuke, akabaki anatazama ukungu uleule wa utotoni. Alilia chooni, kwa kweli alilia. Halafu akajifunza ujanja: plasta juu ya barakoa ili mvuke usipande, lastiki nyuma ya kichwa, na miwani ikiteleza hata hivyo, neno moja tu kwa muuguzi aliye karibu: "Sukuma."

Sasa Mzee Runji alimkazia macho, jasho likimtiririka kwa maumivu.

"Eunice," akamwambia mkewe, "huyu si ule msichana wa Nyamu? Ule wa mawe?"

"Ni yeye," Eunice akasema.

"Na bado haoni. Angalia hizo vioo."

"Pole, mzee," Kawira akasema, akisukuma miwani juu ya pua. Akamweleza kwamba ni ngiri: utumbo umepenya kwenye tundu la kinena na umekabwa, damu haifiki, na wakichelewa utaoza.

"Nitangoja Gitobu."

"Daktari Gitobu hatatoka sasa hivi, mzee."

"Basi mnipeleke Nairobi."

"Utafika ukiwa umeoza," Eunice akasema, bila hasira yoyote.

Mzee akapumua kwa shida, akamgeukia Kawira. "Unaniona vizuri?"

"Naona hata nywele ulizosahau kunyoa chini ya kidevu," Kawira akamjibu. Eunice akacheka, na mzee akajipapasa kidevu akazikuta.

"Nitaweka sahihi. Lakini nisilale. Nikisikia unapapasa-papasa, nashuka hiyo kitanda."

Akadungwa sindano ya mgongo, akawa mzima juu na ganzi chini. Muuguzi Mithika, mtu wa utani, alimuuliza atashuka kwa miguu ipi. Wakaweka kitambaa kati ya uso wake na kazi yenyewe, na Kawira akakata. Mkono ulikwenda sawasawa. Alitaka kuucheka kwa raha, jinsi ulivyotulia na yeye mwenyewe ndani anarukaruka kama ndama.

"Umefika wapi?" sauti ikauliza nyuma ya kitambaa.

"Nimefika, mzee."

Alikuwa amefika kweli. Aliulegeza utumbo ukatoka, na ulikuwa mweusi-mweusi kama zambarau. Akaufunika kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, wakangoja. Rangi ikirudi, utumbo umepona. Isiporudi, itabidi kipande kikatwe, na mzee wa umri ule huenda asipone vizuri. Yote yalikuwa kwenye rangi, yaani kwenye macho. Akafunua, akainama, na miwani ikateleza.

"Sukuma."

Mithika akasukuma. Akainama zaidi, ikateleza tena.

"Sukuma."

"Mithika," sauti ikasema nyuma ya kitambaa, kwa ukali wa mzee wa kanisa, "msukumie vizuri huyo mtoto aone."

Akaona. Pembeni kwanza, kauwekundu kadogo, kisha kakatambaa, kakaenea, hadi utumbo mzima ukawa na rangi ya afya na kuanza kujinyonganyonga wenyewe. Kawira alitaka kumkumbatia Mithika, na taa, na utumbo. Badala yake akaurudisha mahali pake, akashona tundu, na nyuma ya barakoa akatabasamu mpaka plasta ikabanduka.

Kesho yake Daktari Gitobu alipita wodini pamoja na Kawira, akakagua kidonda, akasema kazi ni safi. Mzee Runji alikuwa anawaeleza wagonjwa wa jirani jinsi alivyosimamia upasuaji wake mwenyewe. Eunice akasimama, akafungua polepole kitambaa alichojifunga shingoni. Chini yake palikuwa na uvimbe mkubwa kama kiazi. Ameuficha miaka, akasema, kwa kuogopa kisu, na sasa amechoka.

Daktari Gitobu akaushika kwa upole. "Hii inatolewa, mama. Nitaifanya mimi mwenyewe."

Eunice akamtazama usoni, akigeuza kichwa huku na huku, kama anayetafuta kitu ambacho hakipo.

"Asante, daktari, lakini nataka huyu," akasema, akimshika Kawira mkono. "Wewe huna miwani. Nitajuaje kama unaona?"