Nilieleza kwa Nini Mabati Mekundu Huvuta Radi

Kosa ni langu, na sitaki mtu anihurumie. Mdomo wangu ndio uliomng'olea dada yangu paa.

Mimi ni fundi wa redio hapa Kitale. Shule niliiachia njiani, lakini nimejisomea fizikia kwa miaka mingi, na watu huniita Profesa. Jina hilo lilinilevya!

Dada yangu ni mjane huko Kamukuywa. Radi ilipomuua ng'ombe wa shemeji yake, ndugu wa marehemu, ukoo uliitisha kikao. Shemeji huyo alikuwa akitaka dada aondoke bomani tangu tumzike mumewe. Nilijua! Hata hivyo nilikaa pale kama mgeni wa heshima.

“Profesa,” shemeji akaniambia mbele ya wote, “si wewe unasoma, bana? Tuambie, kwa nini mabati mekundu huvuta radi?”

Mabati mekundu yalikuwa ya dada peke yake.

Sikuuliza kama kweli huvuta. Nilikohoa, nikaeleza: rangi nyekundu ina madini ya chuma, chuma hupitisha umeme, radi ni umeme. Wakaitikia. Dada akanikazia macho, na mimi, mpumbavu, nikadhani anajivunia kaka yake.

Mabati yote ni chuma! Hata ya shemeji, ya kijivu. Na ng'ombe alikuwa amefungwa chini ya mkaratusi unaozipita nyumba zote kwa urefu. Haya niliyajua kabla sijafungua mdomo.

Wiki hiyohiyo watu wa ukoo walipanda juu ya nyumba ya dada na nyundo, mawingu yakiwa yametanda. Nilipofika, dada alikuwa ameketi juu ya godoro lililolowa. Nikawakusanya watu walewale, nikakiri kwamba nilisema upuuzi.

Shemeji akacheka. “Ati sayansi imebadilika lini, Profesa? Ama ni kwa sababu ni dadako?”

Dada hakucheka. “Ungesema tu hujui, kaka. Nani angekuchapa?”

Sasa analala sebuleni kwangu. Tunasalimiana kama wapangaji wawili.

Majuzi nilipita Kamukuywa. Shemeji amejenga zizi jipya la ng'ombe, na ameliezeka kwa mabati mekundu ya dada yangu! Swali lake hakuliamini hata siku moja. Mimi ndiye niliyeliamini.

Nyinyi mnaojua kila kitu, komeni! Ukiulizwa kwa nini, dai kwanza uonyeshwe kwamba ni kweli. Mwingine hatafuti jibu. Anatafuta shahidi.