Siku Simu ya Mama Kifungo Ilipokaa Kimya

Wifi yangu hana mchezo na pindo. Mletee suruali ya kufupishwa, ataigeuza, aipige pasi, aipinde, aifumue, aipinde tena, na wewe umesimama mlangoni unanuna. Katika chumba chetu cha ushonaji yeye ndiye mshonaji, mimi mkataji, na mdomo wa kugombana na wateja ni wangu pia. Kaka yangu, yaani mumewe, ni dereva wa lori, na barabara inamfaidi kuliko sisi. Kwa hiyo mtoto wao wa pekee tunamlea sisi wawili. Kila mtu anamwita Kifungo.

Jina hilo nilimpa mimi. Mtoto ana kisukari, kilimwanza hata meno ya utotoni hayajalegea, na daktari akambandika kidude cheupe cha duara nyuma ya mkono, ukikiona utasema ni kifungo cha koti. Kidude hicho hupima sukari na kupeleka namba kwenye kisimu kilichomo ndani ya begi lake la shule, na kisimu huzirusha hadi kwenye apu iliyo katika simu ya mama yake. Sukari ikishuka, simu ya wifi inapiga yowe. Siku ya kwanza kulisikia yowe hilo nilijikata kidole kwa mkasi.

Shuleni hawataki simu za watoto zilie, kwa hiyo kisimu cha begini tulikinyamazisha. Utaratibu wetu ulikuwa rahisi: simu ya wifi ikilia, anapiga ofisini, karani anakwenda darasani, mwalimu anatoa juisi kabatini na kumpa mtoto. Na Kifungo tulimwambia asihangaike, mama akisikia simu, mwalimu atampa juisi. Sisi wenyewe tulizoea hivyo. Simu ikikaa kimya tulijua mtoto mzima, tukashona na kupiga soga zetu bila wasiwasi.

Sasa, jioni moja simu ikawa inamganda wifi, inataka apdeti. Kila akiifuta, inarudi. Alikuwa na pasi ya moto mkononi na gauni la watu mezani. "Haya, kubali, kubali, utaniunguzia nguo bure," akaiambia, akabonyeza. Asubuhi simu iliamka na sura ngeni, saa imehamia pembeni, maandishi yamenenepa. Nikamtania kwamba simu yake imetoka saluni. Kifungo akacheka, akachukua begi, akaenda shule.

Tulikuwa na sare za manesi za kumaliza siku hiyo. Wifi alikanyaga pedali, mimi nikakata kola. Kwa kawaida kabla watoto hawajatoka mapumziko simu huwa imeshalalamika walau mara moja. Siku hiyo hata kukohoa haikukohoa.

"Leo mtoto katulia," akasema wifi.

"Kamrithi shangazi yake," nikajibu.

Tukacheka sana.

Akaja mteja anataka kuoneshwa mshono wa bega. Wifi akachukua simu amtafutie picha, na kwa mazoea tu akagusa apu ya mtoto. Ikafunguka, ikawa nyeupe, ikajifunga. Akagusa tena. Ikajifunga. Nikamwona anaitazama simu kwa namna ambayo sijawahi kumwona akitazama kitu.

"Wifi," akaniambia kwa sauti ndogo, "haifunguki."

"Zima uwashe."

Akazima. Tulisimama tunaitazama ile nembo ikizunguka, ikizunguka, na mteja akaaga bila kuambiwa. Simu ikawaka. Akagusa apu, ikajifunga. Hapo ndipo hofu iliponishika, maana nilielewa kitu ambacho yeye alikuwa ameshakielewa: ukimya wa asubuhi nzima haukuwa na maana yoyote. Simu ilikuwa imekufa masikio na sisi tukafurahia.

Akapiga ofisini shuleni. Namba inatumika. Akapiga tena, inatumika. Nikamvuta hadi kwa fundi simu wa chumba kinachotazamana na chetu, mtu mpole mwenye tochi kichwani.

"Apdeti hizi zimenitesa," akasema fundi. "Tuifute apu, tuiweke upya. Neno la siri unalo, mama?"

"Analo baba yake."

"Basi mpigie."

Kaka hapatikani. Barabara aliyokuwamo haina mtandao, tunaijua, lakini wifi alipiga na kupiga kama kwamba milima itahama. Fundi akaanza kupekua mipangilio. Akafungua hili, akafunga lile, ruhusa, betri, saa na tarehe. Apu ikafunguka, nyeupe, ikajifunga. Wifi ameushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Jaribu tena, fundi. Tafadhali. Jaribu tena." Nikapiga ofisini kwa simu yangu, bado inatumika. Mimi nami nimeinama juu ya kioo kile, nanong'ona, "Ifungue, ifungue," utadhani mle ndani kuna mtu anayetusikia. Ndipo akili ikanirudi, nikapasua sauti.

"Wifi! Mtoto hayumo humo ndani ya simu!"

Tukamwachia fundi simu, tukatoka mbio. Wifi ana utepe wa kupimia shingoni na pini kinywani, alizitema njiani. Shule si mbali, lakini siku ile barabara ilirefuka kwa makusudi. Langoni mlinzi akatuambia saa ya wazazi bado. Maneno niliyomjibu siyaandiki hapa. Alifungua.

Uwanjani watoto walikuwa wanaruka kamba. Nilitazama kila uso, Kifungo hayumo. Mwalimu wake akatujia akitabasamu.

"Mama Kifungo! Karibuni. Yuko darasani, hakutaka kucheza. Leo ametulia sana."

Neno lile lile. Wifi alimpita.

Kifungo alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati, uso ukutani. Nywele zimelowa jasho. Nilimgusa mkono, wa baridi. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutuona, nami nikajua kwa mwili wangu wote kwamba tumechelewa.

"Juisi!" wifi akapiga kelele. "Mwalimu, juisi!"

Mwalimu alihangaika na ufunguo, ukakataa kuingia kwenye kitasa cha kabati. Nikamnyang'anya. Wifi akamkalisha mtoto mapajani na kumnywesha kidogo kidogo, akimpapasa koo, akimwambia, "Meza, mama. Meza, mama yangu. Meza." Nusu ikamwagikia sare. Kisha koo likacheza. Likacheza tena. Sikumbuki kama nilikuwa namwomba Mungu au nagombana naye.

Tulikaa pale sakafuni. Mwalimu alisimama amejishika mdomo. Polepole rangi ikamrudi mtoto midomoni, macho yakazunguka, yakatua kwa mama yake.

"Mama, simu imelia?"

Wifi akamfuta juisi kidevuni.

"Nilikuwa natetemeka," Kifungo akasema. "Nikangoja simu ilie."

Pipi za kumpandishia sukari zilikuwa mfukoni mwake muda wote. Alizishika. Aliogopa kula darasani, na sisi ndio tuliomwambia asihangaike. Wifi akamkumbatia, akalia kwa sauti, na mimi niliyezoea kumcheka kwa machozi yake ya karibu nikalia kuliko yeye.

Mchana tulipopita kwa fundi, alikuwa amefaulu. Apu ilikuwa ya toleo la zamani, haikuelewana na mfumo mpya. Aliipandisha toleo nayo bila kuifuta, akairudishia ruhusa zote ilizonyang'anywa. Alitaka kutuonesha inavyofanya kazi. Mstari wa sukari ya Kifungo wa siku nzima ulikuwa pale kwenye kioo. Ulianza vizuri, ukainama, ukateremka, ukapita alama nyekundu. Wifi aliweka kidole pale ulipopita. Ndiyo saa tuliyokuwa tunacheka.

Siku hizi Kifungo akitetemeka anakula pipi yake, hata mwalimu akiwa katikati ya hesabu, na darasa zima linajua sababu. Simu inapiga yowe kama zamani, na yowe sasa halitusumbui. Kinachotusumbua ni ikikaa kimya. Mguu wa wifi unasimama juu ya pedali, cherehani inanyamaza, anapiga ofisini.

Karani ametuchoka. "Mama Kifungo, mtoto mzima."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Mama, si nimekwambia…"

"Nenda kamwone. Nangoja."

Tunasikia kiti kikisogezwa, na viatu vya karani vikienda. Nami naweka mkasi chini, mpaka virudi.