Trekta Iliyokanyaga Nguruwe

Miaka ile ya mwanzo wa uhuru nilikuwa muosha matrekta kwenye mashamba ya miwa ya kisiwa cha Nosy Be. Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye aliyenitoa mtaa wa Tanambao, kwetu Mahajanga, akaniombea kibarua hicho. Yeye alikuwa dereva. Msimamizi alikuwa ameniahidi kwamba msimu ukiisha salama atanifundisha kuendesha, na mimi sikuwa na ndoto nyingine.

Maji ya pampu yana nguvu ya kubandua rangi, kwa hiyo husogei karibu. Kwenye rejeta unapiga kwa mbali, tena kwa kunyooka, la sivyo vile vibati vyembamba vinalala. Kwenye kitovu cha gurudumu huelekezi kabisa. Unafuta kwa tambara, maana maji yakivuka ule mpira unaozuia grisi, beringi imekwenda.

Basi shemeji akamkanyaga nguruwe pori ndani ya miwa, na kesho yake trekta hiyo hiyo ilikuwa ivute tela la maharusi, Wangazija wenzetu. Akasema hapandi mtu mpaka gurudumu lioshwe mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuo cha Kurani. Nikamwambia sawa, tutatumia ndoo na mkono. Nikaenda kuswali alasiri. Niliporudi alikuwa amepaka tope mpaka kwenye kitovu, na mdomo wa bomba ameubana papo hapo, anausukumia mchanga ndani.

Harusi ilipita vizuri. Siku chache baadaye gurudumu likakwama njiani, likafunguliwa, beringi imejaa mchanga. Msimamizi akauliza kwa Kifaransa ni nani aliyeosha. Nilimtazama shemeji nikijua atasema. Nilikuwa na uhakika kabisa.

"Bomba ni lake," akasema. "Wallahi, mimi sijaligusa."

Nikajitetea, lakini nani anisikilize? Nilifukuzwa. Hata leo nikikumbuka kiapo kile damu inanichemka. Mtu anayeogopa najisi ya nguruwe kiasi kile!

Nilifika Tanambao nikiwa nimeyapanga maneno yangu yote. Habari zilikuwa zimenitangulia. Dada alinipakulia wali, akakaa mbele yangu.

"Kula, mdogo wangu," akaniambia. "Shemeji yako ameleta salamu. Anasema amekusamehe."