Farasi Thelathini Waliopotea Mlima wa Kimara

Sitakuomba uniamini kwa sababu mimi ni mtu mzima, wala kwa sababu nilifundisha hesabu za mitambo kwa miaka mingi katika chuo cha ufundi. Watu wazima husema uongo, na walimu huusema kwa ufasaha zaidi. Nakuomba uniamini kwa sababu jambo lenyewe lilitokea saa saba mchana, siku ya Jumapili, jua likiwa utosini, nami nimeshiba, nimevaa miwani yangu na nina daftari mkononi. Lau lingetokea usiku, ningelitilia shaka mimi mwenyewe kabla yako.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, mafuta yalipoadimika na magari yakakatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Huko Temeke kulikuwa na ushirika wa mafundi kumi na wanne. Mwenyekiti wao alikuwa Fundi Selemani, mtu wa Lindi, mfupi wa kimo na mrefu wa maneno. Walikuwa na lori moja la tani tano, chakavu, walilokabidhiwa wabebee saruji na mabati kwenda katika vijiji vipya nje ya mji. Kwenye tambarare lilikwenda vizuri. Mlimani lilizimia kama mgonjwa aliyeona sindano. Afisa wa serikali aliyesimamia magari ya kazi hiyo akatoa sharti moja: kabla mwezi haujaisha, lori lipande mlima wa Kimara na mzigo wake kamili bila kusimama njiani. Likishindwa, linachukuliwa, ushirika unavunjwa, na mafundi kumi na wanne wanarudi kutafuta vibarua.

Fundi Selemani hakulia. Alisafiri mpaka Makambako, ambako trela moja la njia ya Zambia lilikuwa limepinduka, akarudi na tabo yake ndani ya gunia. Tabo, kwa asiyeijua, ni feni ndogo ya chuma: moshi unaotoka katika injini huizungusha, nayo huisukumia injini hewa nyingi zaidi, hivyo injini huweza kuchoma dizeli nyingi zaidi na kutoa nguvu zaidi. Ikifanya kazi hupiga mluzi. Tuliifunga kwa majuma mawili, mimi nikiwa mshauri wao, tukairekebisha na pampu ya dizeli iendane nayo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye mkasa. Niliifunga injini ile kwenye mashine ya kupimia pale chuoni, nikapata nguvu za farasi mia moja na arobaini. Tukairudisha katika lori, tukaenda Pugu, nikapima mwinuko wa barabara, uzito wa mzigo na muda wa kupanda, nikapiga hesabu ya nguvu zilizofika magurudumuni. Farasi tisini! Je, hamsini walikwenda wapi? Kupotea kidogo ni kawaida. Nguvu hutoka katika injini, ikapita klachi, ikapita giaboksi, ikapita propela, ikapita difu, na kila pahali inapopita huacha kidogo, kama sinia la pilau linalopokezanwa na wapishi: kila mmoja hulamba kidole. Vidole vile nilivitengea farasi ishirini. Thelathini waliosalia waliondoka bila kuaga.

"Mwalimu," Fundi Selemani aliniuliza, "hao farasi wako wanachunga wapi? Maana hapa Temeke hata mbuzi wanakula magazeti."

Tukacheka, lakini mimi sikulala. Kilichonikosesha usingizi si upotevu. Nguvu haipotei, ndugu yangu, nguvu hugeuka. Ikipungua ndani ya giaboksi, sharti itokee kwa sura ya joto. Baada ya kupanda kilima cha Pugu, giaboksi ile ilipaswa kukaanga yai. Niliingia uvunguni, nikaiwekea kiganja, nikakuta baridi kama mtungi wa maji. Tuliifungua mara tatu. Meno mazima, beringi nzima, oili safi. Nikaandika daftarini: "Joto halipo. Sababu haijulikani." Kwa mtu wa elimu yangu, kuandika maneno hayo ni sawa na kukiri kosa mbele ya kadamnasi.

Ikafika Jumapili ya mwisho ya mwezi. Afisa alituambia atakuwa Kimara juu, kando ya barabara, mpaka saa nane kasorobo, kwa kuwa naye alipaswa kulifikisha gari lake nyumbani kabla ya marufuku. Nilitoka kanisani moja kwa moja, na tai yangu shingoni, nikamkuta Fundi Selemani peke yake Ubungo, lori limebeba mifuko mia moja ya saruji. Tulijaribu mara ya kwanza, likazimika njiani. Tukalirudisha kinyumenyume mpaka chini. Tulijaribu mara ya pili, likafika mbele kidogo ya pale, likatetemeka, likazimika tena. Likateremka taratibu hadi Ubungo, na Fundi Selemani akashuka, akakaa kwenye ngazi ya mlango. Selemani kunyamaza! Hapo ndipo nilipojua kwamba tumekwisha.

Ilikuwa saa saba na dakika tano. Nikavua koti, nikatandika gazeti, nikaingia uvunguni kuipima giaboksi kwa mara ya mwisho.

Kulikuwa na mtu.

Amelala ubavu, ameikumbatia giaboksi kwa mikono miwili kama mama aliyekumbatia mtoto mwenye homa, shavu lake limegusa chuma. Alikuwa wa makamo, ndevu zimeanza mvi, amevaa koti zito la sufu lililofungwa vifungo mpaka kidevuni. Dar es Salaam, jua la saa saba, koti la sufu! Na juu ya ukosi wa koti lile, niamini, kulikuwa na umande. Matone nikayaona kwa macho haya. Nilisogea nikahesabu saba, ndipo akafumbua macho.

"Za saa hizi, ndugu," akasema, meno yakigongana.

"Njema," nikajibu. Ungenijibia nini wewe? Adabu hutangulia akili.

"Tumefika wapi?"

"Ubungo."

"Ubungo ya Dar?"

"Iko nyingine?"

Akacheka kidogo, mvuke ukamtoka mdomoni. "Baridi ya huko juu hainitoki. Dereva aliniambia nijishikize penye joto, nisishuke mpaka aniambie. Sasa naona hasemi."

"Dereva yupi? Hili ni lori la Temeke."

"Lori ni lenu," akasema kwa upole, kama anayemsahihisha mwanafunzi. "Mluzi ni wetu. Mie nimeufuata mluzi."

Nilitoka uvunguni kwa kasi isiyolingana na cheo changu. Fundi Selemani akanitazama. "Mwalimu, ulikuwa unaongea na nani? Giaboksi imekujibu?" Nikamweleza yote, koti, umande, mluzi. Nilidhani atacheka. Akainama, akachungulia chini ya lori, akainuka.

"Mie simuoni," akasema taratibu. "Ila namjua. Kule Makambako waliniambia trela lile lilipopinduka, utingo wake alifia pale pale kwa baridi, kabla watu hawajafika. Dereva alipona, akapelekwa hospitali. Mwalimu, si unakumbuka nilivyorudi nikakwambia lipo neno la kusema?"

Nilikumbuka, na masikio yangu yakawaka moto. Lazima nikueleze. Miongoni mwa watu wa malori ya masafa marefu ulikuwepo utaratibu: utingo, yaani msaidizi wa dereva, haachi gari kwa hiari yake. Safari ikiisha, dereva hugonga mlango mara tatu kwa kiganja na kumwambia, "Safari imekwisha, nenda nyumbani." Na fundi akitoa kipuri katika gari lililoua mtu, hugonga hivyo hivyo na kusema maneno hayo hayo kabla ya kukifunga kwingine. Fundi Selemani alitaka kufanya hivyo siku alipoileta tabo. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia, mbele ya wenzake wote, kwamba taifa linalojengwa kwa sayansi halina nafasi ya kugongagonga milango. Walinipigia makofi. Nilijiona mtu mkubwa sana.

"Gonga sasa," nikasema.

Akagonga mlango mara tatu. "Ndugu yetu, safari imekwisha, nenda nyumbani. Mungu akupumzishe."

Nikapiga magoti, nikachungulia. Bado yupo. Amenyanyua kichwa, ameyasikia, lakini mikono haijaachia.

"Asanteni," akasema. "Lakini nasikia mna mlima mbele. Utingo hashuki chini ya mlima. Nani atashika kabari?"

Kabari, msomaji, ni lile gogo la pembe tatu ambalo utingo hukimbia nalo nyuma ya lori mlimani, ili gari likishindwa alichomeke gurudumuni lisirudi nyuma na kuua watu. Sisi tulikuwa na kabari, imelala bodini, lakini hatukuwa na wa kuishika. Mafundi wengine walikuwa Temeke. Nilimgeukia Fundi Selemani. Yeye ndiye mwenye usukani.

"Nitashika mimi," nikasema.

Utingo akanitazama kuanzia viatu mpaka shingoni. "Wewe? Na tai hiyo?"

"Na tai hii."

"Sema vizuri, ndugu. Kazi haiachwi hivi hivi, hupokewa kwa mdomo."

"Ninaipokea kazi yako," nikasema kwa sauti, nimepiga magoti barabarani, huku wauza machungwa wawili wa ng'ambo ya barabara wakiacha kumenya ili kunitazama.

Uso wake ukalegea. Akaachia mkono mmoja, kisha wa pili, akatambaa mpaka nilipokuwa, akanishika bega la kushoto ili ajiinue. Mungu wangu! Ubaridi ule sijaupata tena. Uliingia kama maji yaingiavyo katika shimo. Akasimama kando ya lori, akajinyoosha mgongo kwa raha, kama mtu aliyeshuka baada ya safari ya siku tatu. "Ishike chini, si juu," akanielekeza, "na usikimbie nyuma kabisa, kimbia pembeni." Kisha akaanza kutembea kuelekea Manzese, akifungua vifungo vya koti kimoja kimoja. Alipofika kwa wauza machungwa sikumwona tena. Niliwauliza baadaye. Walisema hawakuona mtu, ila chungwa moja lilikuwa limelowa umande wa baridi.

"Panda, Fundi!" nikapiga kelele. Ilikuwa saa saba na dakika ishirini na tano.

Lori likaondoka. Nami nikaliandama pembeni, kabari begani, tai imepeperukia mgongoni, nikipumua kama mvukuto. Mwanzoni nililiweza. Kisha mluzi wa tabo ukapanda, ukawa mwembamba, ukawa mtamu, na kwa mara ya kwanza nikaona nguvu yote ya injini ile ikifika chini: magurudumu yaliikamata lami, saruji tani tano ikapanda kana kwamba ni pamba. Lilipita pale liliposhindwa mara ya kwanza. Likapita pale pa mara ya pili. Fundi Selemani akatoa kichwa dirishani akiimba, na mimi nikabaki nyuma, peke yangu, na gogo lisilo na kazi.

Ningeweza kulitupa. Sikulitupa. Nilikuwa nimeipokea kazi kwa mdomo wangu.

Nilipofika Kimara juu zilibaki dakika nne kufika saa nane kasorobo. Afisa alikuwa amekwisha kutia sahihi. Lori lilibaki Temeke na ushirika haukuvunjwa. "Na huyu ni nani?" afisa akauliza alipoona mtu mwenye tai, amelowa jasho, amekumbatia gogo.

"Utingo wetu," akajibu Fundi Selemani. "Msomi sana, ila mbio hana."

Nikaingia uvunguni kabla hata ya kunywa maji, nikaiwekea giaboksi kiganja, na ikaniunguza vizuri kabisa. Nilifurahi, nikapiga kelele ya maumivu na ya shangwe kwa pumzi moja. Juma lililofuata tulipima tena Pugu. Farasi mia moja na ishirini, barabara, kama hesabu ilivyosema.

Miaka mingi imepita. Tangu siku ile upande wangu wa kushoto hautoki jasho. Usicheke. Mwezi wa Januari, Dar ikiwa tanuri, shati langu hulowa nusu: kulia chapachapa, kushoto kavu kama lililotoka kupigwa pasi. Madaktari watatu wamenitazama, wakatikisa vichwa kwa heshima. Na likipita lori lenye tabo likipanda mlima, miguu yangu husimama yenyewe, hata nikiwa mezani. Mke wangu ameshazoea. Hunisogezea sahani isimwagike.

Ni juzi tu nilipoelewa kwa nini. Lori lile lilikwisha kukatwa chuma chakavu. Fundi Selemani alirudi Lindi, akafia huko, Mungu amrehemu. Katika furaha ya siku ile hakuna aliyekumbuka kugonga mlango na kuniambia mimi kwamba safari imekwisha. Nimemwomba mke wangu aniambie. Amekataa katakata, anasema yeye si dereva.

Kwa hiyo nakuonya, nawe ulichukue kwa uzito wake. Ukinunua kipuri kilichotoka katika gari la maafa, iwe tabo, iwe giaboksi, iwe hata nati moja, usione haya mbele ya wasomi: gonga mara tatu na useme neno. Na siku utakapoipokea kazi ya mtu, hata kwa huruma, hata kwa dakika ishirini, kabla hujafungua mdomo muulize kwanza ni nani atakayekuja kuipokea kwako.