Nimeandikwa Dada Kwenye Kitabu cha Mume Wangu

Wasomaji wa ukurasa huu, nawasalimu nyote. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, Muislamu, mkaaji wa Kasongo. Nina miaka kumi na mitano ya ndoa na watoto watatu. Mume wangu ni dereva. Namwomba mhariri asitaje jina langu wala mtaa wangu, maana mji wetu ni mdogo na midomo ni mingi.

Mama yangu ni mtu wa Ujiji, kwenye nchi ya Waingereza. Baba alipofariki alirudi kwa ndugu zake, na tangu hapo sijamwona, miaka minane sasa. Mwanzoni mwa kiangazi hiki alituma barua kwa mkono wa mfanyabiashara. Macho yake yamefifia, miguu imevimba, anataka kunishika mkono kabla hajaondoka duniani. Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikaanza kupanga safari.

Treni na meli ni ghali kwa watu kama sisi, lakini mume wangu alikuwa amenunua kamionete, gari dogo la mizigo, kuukuu ya Mgiriki mmoja. Nikasema tutakwenda nayo wenyewe. Mimi ndiye niliyepanga yote, nasema bila haya. Kabambare tulale kwa shangazi yangu, Fizi kwa rafiki ya marehemu baba, Uvira kwa fundi cherehani aliyewahi kukaa kwetu, tusilipie chumba popote. Mchele, samaki wakavu wa Lualaba na mawese tutoke navyo nyumbani. Pipa la petroli lifungwe nyuma. Nilimwandikia mjomba Ujiji kumuuliza habari za barabara, akajibu kwamba huko magari hupita kushoto, si kulia kama kwetu. Nikashona kitambaa chekundu cha kufunga upande wa kushoto wa kioo, ili mume wangu asisahau akatuua. Alicheka akasema, "Bibi, weye ndiyo shoferi." Nikafurahi kama mjinga.

Kutoka katika teritware yetu, yaani wilaya, lazima upate karatasi ya ruhusa ofisini. Alikwenda bila mimi. Kesho yake, nikianika godoro, nikaikuta imefichwa chini yake. Ninajua kusoma. Jina la mume lilikuwa lake. Jina la mke lilikuwa Zaina, na alama ya kidole cha Zaina pembeni. Zaina, nimwite hivyo, ni mke mwenzangu. Aliolewa miaka minne iliyopita, nyumba yake iko uani hapo hapo.

Nilimuuliza mume wangu, "Hii karatasi ni ya nani?"

"Bulamatari anakubali bibi moja tu mu kitabu," akasema, yaani serikali ya Wabelgiji, katika kitabu cha utambulisho cha kila mwanamume. "Baba ya Zaina alikatala kutoa mutoto wake mupaka aandikwe. Ningefanya nini?"

"Na miye niko nani mu kitabu?"

Akatazama chini. "Dada yangu."

Dada yake! Nimemzalia watoto watatu, nimemwogesha alipougua, halafu serikali inanijua kama dada anayekula bure kwake. Miaka minne amekaa na siri hiyo akila ugali wangu. Na kosa ni letu pia, nakubali kwa uchungu. Tulipooana kule Nyangwe, shehe alisoma, wazee wakala, na baba yangu akakataa tusiende ofisini. "Shehe amekwisha kufunga," alisema, "muzungu ataongeza nini?" Familia nyingi za kwetu zilifanya hivyo. Leo ndoa yangu haimo katika kitabu chochote.

Sasa sikilizeni dawa aliyonipa. "Utakwenda na jina ya Zaina. Ni karatasi tu." Nikamwambia basi niende kama dada yako, kama ndivyo ulivyonifanya. Haiwezekani, kwa sababu karatasi inasema safari ni ya kumwona mama mgonjwa Ujiji, na mama yake mume wangu amezikwa hapa hapa Kasongo, na karani aliyeandika karatasi alikuja matangani akala wali. Dada yake atakuwaje na mama mwingine Ujiji?

Jioni ile Zaina akaniletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, katika bakuli. Akasema, "Dada, chukua jina, siku hizo sina kazi nayo. Lakini utarudisha." Akacheka. Mpaka leo sijui kama alinihurumia au alinidharau. Nusura nimmwagie ile sombe.

Karatasi lazima igongwe muhuri njiani, katika ofisi ya Kabambare. Polisi ataita Zaina, nami niitike. Shangazi yangu, aliyecheza harusi yangu mpaka sauti ikamkauka, anakaa mbele ya ofisi ile ile, na akiniona ataniita kwa jina langu. Tukigunduliwa ni kifungo. Mume wangu hana wasiwasi. Anasema, "Tutamwambia shangazi naye akuite Zaina."

Nilimtaka arudi ofisini akasahihishe kitabu. Akasema akifungua habari hiyo mzungu atachana karatasi, na konje yake, yaani likizo ya kazi, ni mwezi ujao tu, nyingine ni mwaka kesho. Mama hawezi kungoja mwaka. Anasema kweli, na ndiyo maana hasira yangu haishuki. Nikitaka talaka, nitaidai wapi? Ofisini dada hapewi talaka.

Chakula kimekwisha fungwa, pipa limejaa, wenyeji wetu wa njiani wamejibu barua zangu. Usiku na mchana namwona mama akipapasa uso wangu kwa vidole.

Nishaurini ndugu zangu, hasa ninyi wanawake. Nijifanye Zaina, nimwache mtu huyu ashinde, nikamshike mama yangu? Au nibaki Kasongo na jina langu, mama afe akiniita?